Umeanza daiti tena na tena mpaka mzuka umekata? Maswali na majibu

Maswali haya yanamiminika Januari, yanarudi baada ya Idi, na mengine yanakuja wiki mbili kabla ya sendoff gauni likiwa limegoma kufunga zipu. Nayajibu hapa kwa pamoja, na ntasema mapema kabisa: wengi mnaoniuliza habari za mzuka, tatizo lenu wala sio mzuka, ni ukubwa wa hicho mnachoanza nacho.

Swali: Nilipungua kilo 8 zikarudi. Nikapungua 10, zikarudi na nyongeza juu. Hivi mimi ni mzembe au mwili wangu una shida?

Jibu: Mwili wako hauna shida dada, unafanya kazi yake tu. Ukikata chakula ghafla wenyewe haujui kama unatafuta kuvaa gauni, unachojua ni kwamba njaa imeingia, basi unaanza kujilinda. Kule Melbourne, Australia, watafiti waliwaweka watu wanene 50 kwenye daiti kali ya wiki 10, matokeo yakatoka 2011. Watu walipungua vizuri tu, ila homoni za njaa zikapanda na zile za shibe zikashuka, na walipokuja kuwapima tena mwaka mzima baadaye homoni zilikuwa bado hazijarudi sawa na wenyewe walikuwa wanasikia njaa kuliko kabla hawajaanza. Mwaka mzima! Afu wewe unajitukana wiki ya 6 kwa sababu umeota chipsi mayai.

Kingine ni jinsi mwili unavyobana matumizi. Kevin Hall na wenzake kule Marekani waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la kwenye tv la kupunguza uzito, lile la makocha kufoka na watu kulia kwenye mashine, walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58 kila mtu, miaka 6 baadaye wastani wa kama kilo 41 ulikuwa umerudi, na miili yao hata ikiwa imepumzika ilikuwa inaunguza karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotegemewa kwa watu wa saizi yao. Kati ya 14 ni mmoja tu ambaye hakurudisha. Na hao walikuwa na makocha, kamera na hela ya zawadi inawasubiri, hamasa gani nyingine unataka.

Sisemi kwamba haiwezekani, wapo wanaopungua na wakakaa hapo miaka, ntawaelezea chini huko. Nachosema ni kwamba kadiri unavyoanza kwa ukali ndo mwili nao unavyojibu kwa ukali, na mtu aliyeshajaribu mara nyingi huwa anaanza kwa ukali zaidi ya mara iliyopita kwa sababu ana hasira na yeye mwenyewe. Hapo ndo mchezo unapoharibikia.

Swali: Wiki ya kwanza nilishuka kilo 3, wiki ya pili 0.4, ya tatu mizani haikusogea. Nimekata tamaa kabisa.

Jibu: Zile 3 nyingi zilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja inashikana na kama gramu 3 za maji, sasa ukikata wanga akiba inaisha na maji yanatoka. Mafuta yenyewe yanaondoka taratibu, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri tu. Alafu mizani inachezacheza, ukila chumvi nyingi jana au hedhi ikikaribia unaweza kuona kilo 1 au 2 zimeongezeka na hujaongeza mafuta yoyote. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai, mizani ileile. Ile ya mtaani unayopimia na viatu na mkoba begani achana nayo.

Swali: Huwa naenda vizuri mpaka itokee shughuli. Nikishakula pilau na soda mbili, kesho yake najikuta nimeacha kila kitu mpaka mwezi ujao. Mbona mimi niko hivi?

Jibu: Hauko peke yako, hii imeshachunguzwa tangu zamani. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu milkshake, afu wakawaletea aiskrimu wale wanavyotaka. Watu wa kawaida walioshakunywa milkshake walikula aiskrimu kidogo, washashiba. Ila wale wanaojibana kwenye chakula walifanya kinyume, walioshakunywa milkshake ndo wakala aiskrimu nyingi kuliko wale wanaojibana ambao hawakunywa kitu. Yaani kichwani wameshasema "siku imeshaharibika, acha nimalizie".

Sasa tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Sahani ya pilau iliyojaa na nyama yake na soda mbili, hata tukikadiria kwa ukarimu, haifiki hata robo ya hapo, na sehemu ya hiyo ungekula tu hata kama ungebaki nyumbani. Kwa hiyo harusi haijakunenepesha, kinachonenepesha ni zile wiki 3 baada ya harusi ulizojiambia utaanza upya tarehe 1.

Nachowaambia watu ni hiki: usipange jinsi ya kukwepa shughuli, panga mlo unaofuata baada ya shughuli. Kabla hujatoka nyumbani ujue kabisa kesho asubuhi unakunywa chai na nini, mchana unakula nini. Hakuna kujiadhibu kwa kushinda njaa, hakuna kukimbia kilomita 10 za hasira, ni mlo wa kawaida tu kama vile jana haikutokea.

Swali: Nianze lini? Nasubiri Jumatatu.

Jibu: Najua, Jumatatu ina watu wengi. Katy Milkman na wenzake waliandika 2014 kwamba watu wa Marekani wanatafuta habari za daiti Google zaidi mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi na mwanzo wa mwaka, na hata kwenda jimu inakuwa hivyohivyo. Tarehe mpya inakupa nguvu kweli, itumie. Ubaya wake ni ile Jumapili ya kuaga, unakula kama unasafiri usiku. Ukianza Jumatano mchana hamna cha kuaga.

Swali: Mzuka ukiisha nafanyaje? Mwezi wa kwanza niko moto, wa pili nalazimisha, wa tatu kwisha habari.

Jibu: Mzuka utaisha tu, hata wa kwangu ungeisha, kwa hiyo chagua kitu ambacho unaweza kukifanya siku ambayo huna mzuka, umetoka kazini umechoka, daladala ilikuwa imejaa, mtoto analia na umeme hamna. Kama mpango wako unataka saladi ya viungo 9 na saa nzima ya jimu basi siku hiyo utaanguka, na siku za hivyo ziko nyingi kuliko zile nzuri.

Kuna utafiti wa Phillippa Lally wa London, watu 96 kila mmoja alichagua kitu kimoja kidogo cha kufanya kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66 mpaka kitu kizoeleke, ila kulikuwa na tofauti kubwa, wengine siku 18 na wengine makadirio yalienda mpaka 254. Kwa hiyo zile chalenji za siku 21 au 30 mnazotumiana, mnaziacha wakati kitu ndo kwanza kinaanza kushika. Na alichokiona kingine, ambacho mimi nakipenda zaidi, kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Hakuna kurudi sifuri.

Kitu kidogo kama kipi? Mimi huwa naanzia kwenye chai, watu wanacheka lakini tuhesabu. Vikombe 4 kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vya sukari, hivyo ni vijiko 12, kama gramu 48, karibu kalori 190 kila siku ya Mungu. WHO wanasema ikiwezekana sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6. Shusha kijiko kimoja kwa kila kikombe, kaa hapo wiki 3 ulimi uzoee, shusha kingine. Ukishazoea hapo nenda kwenye mafuta, na hapa kina mama wengi wa jikoni tunabishana sana manake mafuta yanamiminwa kutoka kwenye dumu kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120. Mchicha wa vijiko 6 na mchicha wa vijiko 2 ukiwekwa mezani familia haitagoma, weka nyanya na kitunguu cha kutosha na ndimu, ila kwenye hesabu umetoa karibu 480 kwenye sufuria. Hujapika chakula chako pembeni, hujatangaza daiti, mume wala watoto hawajajua.

Mazoezi nayo hivyohivyo. WHO wanataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kidogo, hiyo ni nusu saa kwa siku 5, unashuka vituo viwili kabla na unatembea kwa haraka. Kama mtaani kwenu kuna jogging ya Jumamosi jiunge, wale watu wakikukosa wanakupigia simu, na hilo linasaidia kuliko video yoyote ya kujihamasisha.

Swali: Nikianza kupungua watu wananiuliza naumwa nini. Mama mkwe kaniambia nimeisha. Narudi kula ili waninyamazie.

Jibu: Hili jamani linaangusha watu wengi kuliko chapati, na wataalamu wa nje hawaliandiki kwa sababu kwao mtu akikonda anapongezwa. Kwetu kunawiri ni sifa. Bibi harusi akinenepa baada ya ndoa wanasema anatunzwa. Na kukonda kuna historia mbaya, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa Kagera 1983, jirani zetu wa Uganda ugonjwa wenyewe waliuita Slim, basi watu wazima waliopita miaka ile wakiona mashavu yamepungua moyo unashtuka kweli. Mama mkwe anaweza kuwa hakusemi, anaogopa.

Usibishane nae. Mwambie mapema kabla hajaona, na umwambie kwa lugha ya afya: "Mama, hospitali wameniambia presha inapanda, wamenishauri nipunguze kidogo." Kama presha yako iko sawa usidanganye, sema tu kwenye ukoo kuna sukari na unataka kuikwepa, manake siku hizi ni koo chache ambazo hazina. Mkubwa ukimshirikisha anageuka kuwa askari wako, utashangaa yeye ndo anakuondolea mnofu. Kwa mashosti wa ofisini jibu moja fupi linatosha, "niko poa, namshukuru Mungu", unabadilisha mada.

Swali: Kama mizani inagoma nitajuaje kama kuna kitu kinafanyika?

Jibu: Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni, nusu kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke kuanzia sentimita 80 na mwanaume kuanzia 94 hatari ya kisukari na moyo inaanza kupanda. Sentimita 3 zikitoka hapo ni habari njema hata kama kilo hazijasogea. Pima na presha na sukari kila miezi michache.

Na punguza lengo. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa inaelekea kubaya, kundi moja likapewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na kisukari kikapungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiopewa hiyo programu. Kwa mtu wa kilo 90 asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Wengi wenu mlishazipunguza hizo mkazidharau kwa sababu mlikuwa mnataka 30.

Swali: Kuanza tena mara ya ngapi inakuwa aibu?

Jibu: Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13 na nusu na kukaa hapo angalau mwaka mmoja, lilianzishwa 1994 na Rena Wing na James Hill. Wengi sana wa waliomo walishapungua na kurudisha kabla, tena zaidi ya mara moja. Walichotofautisha mara ya mwisho ni kuendelea na mwendo na kujipima hata baada ya kufika, wengi wao wanatembea kama saa nzima kwa siku. Wewe ukifika unafanyaje? Unasherehekea na unaacha.

Swali: Vipi zile chai za kupunguza tumbo, vidonge, na sindano?

Jibu: Chai nyingi zina sena, ni dawa ya kuharisha, unapoteza maji na choo, mafuta yako palepale. Vidonge vya kuuzwa mkononi viogope, vingi vimekamatwa vikiwa na sibutramine iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya moyo. Sindano za semaglutide zinafanya kazi, ila ni za daktari, na utafiti unaonyesha ukiacha, ndani ya mwaka karibu theluthi mbili ya uzito ulioondoka inarudi.

Swali: Nani asianze mwenyewe?

Jibu: Mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia insulini au vidonge vya sukari (usifunge milo bila kuongea na kliniki, sukari inaweza kushuka ghafla), na yule ambaye anakula mpaka anajitapisha. Huyo wa mwisho anahitaji msaada mwingine kabisa na daiti itamzidishia. Pia kama umeongezeka ghafla bila kubadili chakula, au hedhi imevurugika, au umeanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu au dawa za steroidi, kaulize kwanza.

Swali: Ugali usiku ruksa?

Jibu: Ruksa. Wa ukubwa wa ngumi yako, mboga za majani nusu sahani, samaki au maharage pembeni. Hauna saa ya kunenepesha huo.