New Cross: tramu zilivyotoka, mabasi yakaingia

Mimi nafuatilia majengo ya usafiri, na kila nikisema depo fulani ya tramu, yale magari ya abiria yanayopita kwenye reli barabarani, iligeuzwa gereji ya mabasi watu wanadhani ni kung'oa reli, kumwaga zege, kwisha habari. Thubutu!

Chukua New Cross, kusini mashariki mwa London. Ilifunguliwa 1906 na London County Council, yaani halmashauri ya jiji, ndo ilikuwa depo kubwa kuliko zote za tramu pale mjini, zilikuwa zinalala zaidi ya 300. Usiku wa kuamkia 6 Julai 1952 tramu ya mwisho ikaingia humo, mwishoni anaiendesha John Cliff, naibu mwenyekiti wa London Transport, shirika la usafiri wa mji, bosi mwenyewe. Asubuhi abiria wakapanda mabasi.

Sasa ugumu uko wapi? Tramu ina sehemu ya dereva mbele na nyuma, haihitaji kugeuza, inaingia hivi inatoka hivi, kwa hiyo waliojenga walibana reli zikakaa karibu karibu na nguzo za paa wakazisimamisha katikati yake bila wasiwasi. Basi linataka kukata kona. Ukiliweka humo kila nguzo ni adui. Halafu chini ya reli kulikuwa na mashimo marefu, fundi anasimama humo anakagua mota na breki, hayo lazima uyajaze maana huwezi kupitisha basi juu ya mtaro, ila machache unayabakiza kwa ajili ya matengenezo. Bado matangi ya dizeli, bado moshi! Tramu ya umeme haitoi moshi, mabasi yakiwashwa alfajiri yote kwa pamoja ndani ya jengo lililofunikwa, utakohoa mpaka basi.

Na kazi yote hii inafanyika huku huduma haijasimama, ndo maana London waliziondoa tramu kwa awamu, kuanzia Oktoba 1950. Mimi hilo ndo naliheshimu kuliko sherehe za tramu ya mwisho ambazo kila mtu anazipigia picha.

Kulikuwa na kituko cha majina pia. Depo ya tramu ya Camberwell, humo humo London, ikabidi iitwe Walworth, kwa sababu Camberwell tayari kulikuwa na gereji ya mabasi. Ya Holloway nayo ikawa Highgate kwa sababu hiyo hiyo, mpaka baadaye ikarudishiwa jina lake. New Cross haikuguswa jina, na mpaka leo mabasi yanalala pale.