Kijana Ana Kazi, Mbona Hajithamini?

Acheni kuwaambia vijana waliomaliza shule kwamba kazi yoyote ni kazi, alimradi hawakai bure. Kauli hiyo hutolewa hata na washauri wa vijana, na inaumiza watu.

Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa 1 tu katika wiki inayopimwa huhesabiwa ameajiriwa. Kwa hiyo mwenye stashahada anayebangaiza kibarua cha asubuhi mbili kwa wiki hayumo kwenye takwimu za wasio na kazi. Ajira pungufu, yaani kazi isiyotosha kwa saa, ujuzi au ujira, huonekana ukiuliza zaidi: anataka saa za ziada? Yuko tayari kuzifanya? Alichosomea kinatumika? Ujira unamtosha?

Sasa hili ambalo wengi hulipita mbio. Watu husubiri kuona kujithamini kukiporomoka, wasipoona wanasema kijana hajambo. Lakini kwa kawaida kujithamini hupanda mtu anapotoka ujanani kuingia utu uzima. Ajira pungufu huweza kufanya kujithamini kudumae bila kushuka hata alama moja. Ukimlinganisha kijana na alivyokuwa mwaka jana, huoni kitu. Mlinganishe na wenzake wenye kazi za kutosha! Watafiti Prause na Dooley, katika utafiti wao wa 1997 kuhusu vijana wa Marekani, walifanya hivyo, wakizingatia pia kujithamini kwao kwa awali, na wenye ajira pungufu walibaki nyuma.

Je, huenda wasiojiamini ndio wanaoishia kwenye vibarua? Ni swali la haki, na ndiyo maana lazima upime kujithamini kwao kabla hawajamaliza shule. Hata ukipima, shaka haiishi yote: ugonjwa au matatizo ya nyumbani yanaweza kuharibu kazi na kujithamini kwa pamoja.

Halafu kuna uzembe wa wapimaji. Kipimo cha Rosenberg cha 1965, dodoso la kupima kujithamini, kina kauli 10, na 5 kati yake ni za kujikosoa, kama ile ya kuhisi huna mengi ya kujivunia. Alama za hizo 5 zigeuzwe kabla ya kujumlisha. Usipozigeuza, anayejithamini na anayejidharau wote hurundikana katikati, na ripoti inaandikwa kwamba ajira pungufu haina athari. Kabla ya kuamini ripoti ya namna hiyo, omba majibu ya kila kauli uyajumlishe upya mwenyewe.