Sanamu za mbao za Izumi Kato, mbona zinatukodolea macho hivi?

Watu wakiona kazi za Izumi Kato mara ya kwanza huwa wanasema "hii mizimu" au "hata mtoto angechonga hivi", na mimi kama mchongaji naanza na hilo la pili maana ndo linaloniuma.

Kato ni Mjapani wa mkoa wa Shimane, kazaliwa 1969, na kule bado kuna imani ya zamani kwamba mti, jiwe, mto, vyote vinaweza kuwa na roho. Alisoma chuo cha sanaa cha Musashino, Tokyo, akamaliza 1992, lakini hakusomea uchongaji, alisomea uchoraji wa rangi za mafuta. Mbao kaja kuzishika miaka ya 2000 mwanzoni akiwa tayari ni mchoraji, na 2007 kazi zake zikawa kwenye Venice Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa kule Italia. Na kwenye turubai hatumii brashi, anavaa glovu anasugua rangi kwa mikono yake, sasa ukilijua hilo unaanza kuzielewa mbao zake, maana alama ya patasi kwenye mti inafanya kazi ileile ya kidole kwenye rangi.

Angalia sanamu moja kwa karibu. Kichwa kikubwa kuliko mwili unavyostahili, macho yamekaa mbalimbali, mikono imening'inia haina kazi, pengine kuna kimmea kimechipua utosini. Ngozi yote ni mikato ya patasi, haijapigwa msasa, rangi juu yake inashika sehemu na nyingine inaonyesha mti wenyewe. Watu wanadhani huo ni uvivu. Jamani, msasa ndo unaoficha makosa! Ukiamua kuacha mikato basi kila pigo linabaki linaonekana, hauna pa kurudi, lazima ujue unasimama wapi kabla hujanyanyua nyundo, na ukizidisha kidogo tu shavuni uso mzima unageuka katuni.

Na Japani ina historia ndefu ya hili. Wengi tunajua upande wa kazi nyororo, kama sanamu ya Buddha Amida ya mchongaji Jocho pale hekalu la Byodoin, ya mwaka 1053, vipande vingi vya mbao vimeunganishwa na kupakwa dhahabu mpaka unasahau kama ni mti. Ila kuna mtawa Enku (1632–1695) aliyekuwa anazunguka nchi akichonga kwa kishoka, inasemekana aliweka nadhiri ya sanamu 120,000, zilizobaki ni kama 5,000 na kitu. Enku alikuwa anapasua gogo halafu anauacha ule upande uliopasuka kama ulivyo, macho mistari miwili, tabasamu, kamaliza. Mimi namweka Kato upande huu wa Enku, ingawa Enku alichonga kwa ajili ya ibada na kila sanamu yake ilikuwa na mwenyewe, huyu Buddha fulani, huyu Kannon, yule wa huruma katika Ubuddha.

Za Kato hazina mwenyewe. Karibu zote anaziita "Bila jina", na hapo ndo nabishana na wanaosema ni mizimu, kwa sababu mzimu una jina, una ukoo, una sadaka yake. Hata shetani wa Kimakonde, mchongaji mara nyingi anaweza kukuambia ni shetani gani na anasumbua watu vipi. Sanamu ya Kato imetolewa kila kitu cha kumtambua mtu, nguo, umri, kazi, kabila, kikabaki kitu kinachotazama tu, na sisi tukitazamwa na kitu tusichokijua tunakiita roho.

Linganisha na marehemu Katsura Funakoshi, fundi mkubwa wa mti wa kafuri, aliyekuwa anaweka macho ya marumaru. Watu aliowachonga wanatazama mbali, wanakupita. Kato anapaka tu rangi, duara ndani ya duara, hayo macho hayaendi popote, yamekugandia.

Toka 2012 anatumia pia vinili, plastiki laini ile ya midoli ya watoto, na baadaye mawe, anapanga jiwe juu ya jiwe na kuchora uso. Ni mazuri, lakini jiwe halichongwi, rangi inabeba kila kitu peke yake. Mimi bado nazipenda za mbao zaidi, pale patasi na rangi zinapogombania uso mmoja.