Mbwa wa Jirani Akisababisha Ajali, Nani Analipa?

Tuchukue mfano wa barabara kuu ya TANZAM, maeneo ya Uyole jijini Mbeya. Jioni ukungu umeshuka, mbwa anachomoka kwenye geti lililoachwa wazi. Dereva wa gari dogo anamkwepa na kuivaa bajaji iliyoegeshwa pembeni. Mbwa mzima. Taa na bampa vimekwenda, mwenye bajaji kashika kiuno, na watu wanatoa hukumu kabla trafiki hajafika.

Upande wa bajaji ndio wenye nafuu. Kisheria kila chombo cha moto barabarani lazima kiwe na bima, walau ile ndogo, inayofidia watu wengine. Ikionekana dereva ana kosa, bima hiyo ndiyo itakayomfidia mwenye bajaji. Gari la dereva mwenyewe haliguswi. Wengi hung'aka wakiambiwa hivyo, ilhali mkataba ulisema hivyo tangu siku walipokata bima. Gari lako kutengenezwa kunataka bima kubwa, na hata hapo mara nyingi kuna kiasi utakachotoa mfukoni.

Mwenye mbwa je? Kufuga peke yake si kosa. Anayemdai lazima aonyeshe uzembe: geti halifungwi, mnyororo umekatika siku nyingi, majirani walishalalamika kwamba mbwa yule hukimbiza pikipiki. Hilo la mwisho lina uzito wake, maana aliyeijua tabia ya mnyama wake na bado akamwachia atapata shida kujitetea. Naye ana haki ya kuuliza ulikuwa mwendo gani. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na ukungu wa Mbeya unataka pungufu ya hapo. Mahakama inaweza kugawa lawama, kila mtu akabeba fungu lake.

Pagumu zaidi ni kuthibitisha mbwa ni wa nani. Ajali ikishatokea, mbwa ghafla hana mwenyewe. Kila mtu anasema ni koko. Na akiwa koko kweli, huna wa kumdai. Kwa hiyo piga picha za mbwa, geti na alama za breki, chukua namba za simu za walioona, mwite mwenyekiti wa mtaa. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa yenye jina la mfugaji husaidia sana (siku hiyo, bila shaka, itakuwa imepotea).

Msimalizane kienyeji. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Vilevile, mwenye bima kubwa akishalipwa, kampuni huchukua nafasi yake na inaweza kumfuata mwenye mbwa. Ukiwa umeshasaini karatasi ya kumsamehe, umeifungia kampuni njia, nayo inaweza kukukatalia dai. Subiri trafiki apime, itaarifu kampuni mapema, na aliyeumia achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Mkivutana na kampuni, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukiamua kumshtaki mwenye mbwa kwa uzembe, una miaka 3 tangu siku ya ajali. Mazungumzo yenu ya "nitakulipa mwezi ujao" peke yake hayasimamishi hesabu hiyo.