Mkanda wa 165 haukanyagi inchi 165

Nimelisikia tena, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mtu anachambua pikipiki za theluji za mlimani, tena anazijua vizuri, anafika kwenye ile yenye mkanda wa 165, anatanua mikono kama mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka, kisha anatamka: "Hii inakanyaga theluji kwa inchi 165." Inchi 165 ni zaidi ya mita nne. Pikipiki yenyewe, kutoka ncha ya skii za mbele, vile vibao viwili vya kutelezea, hadi mwisho wa nyuma, haifiki mita nne. Ingekuwa kama asemavyo, mkanda ungebaki nyuma ukiburuzwa kama mkia wa kanzu.

Maana kwanza, nayo haichukui muda. Pikipiki ya theluji haina gurudumu la kukanyagia. Ina mkanda mmoja mpana wa mpira unaozungushwa na sproketi, yaani magurudumu yenye meno, zilizo mbele, unapita chini ya reli mbili zinazoukandamiza kwenye theluji, unageukia kwenye magurudumu madogo ya nyuma na kurudi juu ulikotoka. Ukubwa wake huandikwa kwa namba tatu, tuseme 154 × 15 × 3, zote kwa inchi: ya kwanza ni mzingo, ya pili upana, ya tatu kimo cha kashata, yaani yale meno ya mpira yanayochota theluji. Pikipiki za njia zilizoshindiliwa huwa na 121, 129 au 137 na kashata fupi. Za mlimani huanzia kama 146, hupita 154 na 165, hadi 174 au 175. Basi, maana ndiyo hiyo.

Kinachotuponza ni neno tulilolichagua. Tunasema "urefu wa mkanda". Sasa hili neno -refu tumelitwisha mizigo mingi mno. Barabara ni ndefu, mtu ni mrefu, kisima ni kirefu, hotuba nayo ndefu. Kilicholala, kilichosimama, kilichozama na kinachokula muda, vyote vinne tumevipa neno moja, na mara nyingi hatupotei kwa sababu jicho linaona kinachosemwa. Lakini kitu kinachozunguka na kurudi kilipoanzia hakina ncha mbili za kushika tepu. Ili uupate urefu wake inabidi ukikate, ukitandaze chini, ndipo upime, na mkanda uliokatwa haumpandishi mtu mlima.

Kwa kitu cha namna hiyo Kiswahili kina neno lake: mzingo. Linatokana na kuzinga, kwenda kwa kuzunguka, na ni ukoo mmoja na kuzingira na mazingira. Wengi wetu tulikutana nalo darasani pamoja na duara na nusu kipenyo, tukalifungia humo humo kwenye daftari la hesabu, hatukulitoa tena. Hasara hiyo. Anayesema mzingo ameshakueleza nusu ya habari kabla hata ya kutaja namba: kwamba njia hii inarudi ilikotoka, na kwamba wakati sehemu moja iko chini ikifanya kazi, nyingine iko juu ikisafiri bure.

Na neno mkanda lenyewe lingetosha kutuzindua. Mkanda asili yake ni wa kiunoni. Mwenye suruali ya kiuno 34 hatarajii kwamba anayemtazama kwa mbele ataona inchi 34 za tumbo. Hizo ni za mbele na za mgongoni zikijumlishwa. Sijawahi kukutana na fundi cherehani aliyekosea hapo. Ila mkanda ukitoka kiunoni ukaingia chini ya pikipiki, watu wazima wanaanza kuuona kama ubao.

Kuna anayeuliza pia kwa nini namba zenyewe ni za ajabu ajabu, kwa nini 174 na si 170. Swali zuri, na jibu lake linarudi pale pale kwenye mzingo. Mkanda umegawanywa kwa hatua zilizo sawa, na meno ya sproketi hushika hatua hizo moja baada ya nyingine. Tangu Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, apate hataza ya mfumo wake wa sproketi na mkanda mwaka 1937, kushikana huko ndiko kunakosukuma chombo. Hatua ya inchi 3 mara 58 ni 174, mara 55 ni 165. Ile 121 ya pikipiki za njiani ni hatua 48 za inchi 2.52, ambazo kwa hesabu kamili ni 120.96. Nusu hatua haiwezekani, kwa sababu sproketi ikifika hapo itakosa pa kushika. Kamba unaikata popote upendapo. Mzingo wenye hatua ni lazima ufunge hesabu.

Sasa twende kwenye kosa linalozaliwa na kosa. Mtu akishaamini kwamba 165 ni urefu wa chini, ataamini pia kwamba kutoka 154 kwenda 165 amejiongezea inchi 11 za kuelea juu ya theluji. Hakujiongezea. Ukiongeza mzingo kwa inchi 11, takriban nusu huenda chini na nusu hurudi juu, kwa hiyo theluji inapata inchi 5.5, karibu sentimita 14. Kwa mkanda wa upana wa inchi 15, eneo lililoongezeka ni inchi za mraba 82.5, ambazo ni kama sentimita za mraba 530. Karatasi moja ya A4 ina zaidi ya 620. Yaani tofauti yote ile inayobishaniwa kwa jasho haifuniki karatasi ya kuandikia barua. Hata ukiruka kutoka 154 hadi 174 umepata karatasi moja na nusu.

Tena hiyo ni kwenye theluji ngumu, ambapo kinachogusa ni sehemu iliyo bapa chini ya reli. Kwenye theluji laini chombo huzama kidogo, na ule mteremko wa mkanda kutoka kwenye sproketi kushuka hadi kwenye reli nao unaanza kubeba. Kwa maneno mengine, urefu unaokanyaga si namba moja. Hubadilika kwa kadiri unavyozama. Mzingo haubadiliki. Ndiyo maana kiwanda kinaandika mzingo.

Hapa mtu atanigeuzia kibao: kama ni karatasi ya A4 tu, mbona mwenye 165 anapanda pale mwenye 146 anapojichimbia shimo? Kweli anapanda, na eneo linachangia. Lakini tazama nyongeza inawekwa wapi. Sproketi za mbele hazisogei, wala skii hazisogei. Reli hurefushwa kwa nyuma, basi zile sentimita 14 zote zimekwenda mkiani. Unapopanda mlima mkali na kubonyeza mafuta, pikipiki hutaka kuinuka mbele, na inapoinuka hujiegemeza kwenye ncha ya nyuma ya mkanda. Ukiisogeza ncha hiyo nyuma, umeurefusha wenzo unaopaswa kushindwa kabla skii hazijapaa. Ndiyo maana mkanda mkubwa hutulia mlimani, na ndiyo maana vilevile ni mzito kuuchezesha katikati ya miti. Ukiilaza pikipiki ubavu ili ikate kona, makali yote ya upande huo yamezama kwenye theluji, na makali marefu hupenda kwenda moja kwa moja. Baadhi ya reli huinuliwa kidogo nyuma kwa sababu hiyo hiyo, ili mkia uwe mwepesi kugeuka. Na kila inchi ya mpira iliyoongezwa ni uzito ambao injini inapaswa kuuzungusha, pamoja na ile nusu iliyoko juu isiyosaidia chochote.

Lakini hata tukikubaliana kuhusu mzingo, bado hatujasema pikipiki itajiendesha vipi. Mzingo unakuambia mkanda uliopo ni kiasi gani. Uzito unasimama wapi juu ya mkanda huo, hilo linaamuliwa na springi, shokapu na mikono inayoshikilia reli. Mikono ni miwili: wa mbele, na wa nyuma. Ule wa mbele una ukanda mfupi unaouzuia usishuke kupita kiasi, na kwa maoni yangu kifaa hicho kisicho na hadhi yoyote, kipande tu cha utepe chenye matundu ya bolti, kina usemi kuliko tofauti kati ya 154 na 165. Ukifupishe tundu moja, mkono wa mbele hauwezi kushuka sana unapobonyeza mafuta, skii zinabaki na uzito, usukani unasikia. Ukirefushe, uzito unahamia nyuma, skii zinakuwa nyepesi, pikipiki inainuka kirahisi. Mkanda ni ule ule, mlima ule ule.

Springi nazo hufanya hivyo hivyo. Ukizilegeza za nyuma, nyuma hukaa chini kama mbwa, mkia unachimba na skii zinaelea. Ukizikaza kupita kiasi, nyuma husimama na mzigo unasukumwa kwenye skii, halafu mwenyewe analalamika kwamba usukani ni mzito na mkanda haushiki. Ile ya katikati ukiikaza, sehemu ya mbele ya reli inabeba zaidi, skii zinapungukiwa uzito, na pikipiki inageuka ikizungukia tumboni. Nimesikia mtu akiuza mkanda wa 154 kwa sababu "ni mfupi, unachimba", wakati springi zake za nyuma zilikuwa zimelegea kama za kitanda cha zamani.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo: shokapu si springi. Fundi anasema "nimekukazia shokapu" huku mkono wake uko kwenye ringi inayobana springi. Springi ndiyo inayobeba uzito na kupokea pigo, kisha inataka kulirudisha. Shokapu inapinga mwendo, unapokwenda na unaporudi, na kuugeuza kuwa joto ili chombo kisibaki kikirukaruka. Ukisimama tuli juu ya pikipiki, shokapu ya kawaida ya mafuta haikubebi hata kidogo. Jina ndilo lililotupotosha, maana kule lilikotoka kabla halijakatwa lilimaanisha kifyonza mshtuko, na anayeupokea mshtuko ni springi. Kuna aina ambazo hewa iliyobanwa ndani ya shokapu hufanya kazi ya springi, na hapo msemaji anasameheka.

Watengenezaji wenyewe wanajua kwamba namba ya mzingo haimalizi maneno. Ski-Doo, kwenye pikipiki zao za mlimani ziitwazo Summit, za 2013, walileta mfumo wa nyuma walioupa jina T-Motion, unaoruhusu reli kulala kidogo upande wakati bodi inapolala, pamoja na mkanda wenye kingo zinazokunjika. Arctic Cat, kwenye matoleo ya 2019, wakaja na Alpha One, wakaziondoa reli mbili na kuweka boriti moja katikati, ili mkanda ubonyee upande unaolaliwa. Mzingo wa 154 juu ya boriti moja na mzingo wa 154 juu ya reli mbili ngumu ni pikipiki mbili tofauti kabisa zinapokata mlima kwa ubavu, ingawa tepu itasoma namba ile ile.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyetanua mikono, sikukatalii pikipiki. Ya 165 ni chombo kizuri na huenda ndiyo inayokufaa. Ila siku ukipata nafasi, iweke kwenye theluji iliyoshindiliwa, ikalie kama unavyoikalia safarini, umpe mwenzio tepu. Apime kuanzia pale mkanda unapoanza kugusa, chini ya mkunjo wa mbele wa reli, hadi pale unapoachana na ardhi nyuma. Utapata chini ya nusu ya ulichotangaza. Hicho kiite urefu, hakuna atakayekupinga. Ile 165 iliyoandikwa kwenye mpira, ukiisoma kwa sauti, sema mzingo.