Tranki kuwa juu hakujathibitisha lolote

"Tranki iko juu pande zote mbili, VLAN zimekubaliana, angalieni seva yenu." Sentensi hii nimeisoma kwenye tiketi mara nyingi mno. (Tranki ni kiungo kimoja kinachobeba VLAN nyingi, na VLAN ni mtandao uliotengwa kwa namba ndani ya swichi zile zile.) Leo naijibu kwa urefu, ili siku nyingine nitume kiungo tu nikaendelee na chai yangu.

Kinachoniudhi hapo ni "zimekubaliana". VLAN hazikubaliani. LACP (ya kuunganisha kebo kuwa bando) huongea na mwenzake, LLDP (ya kujulisha majirani) hujitangaza, BPDU (ujumbe wa spanning tree, inayozuia vitanzi) huenda na kurudi. Tagi ya 802.1Q, yaani namba ya VLAN inayobebwa na kila fremu ya Ethernet, haina mazungumzo yoyote. Ni baiti 4 zinazochomekwa ndani ya fremu mara baada ya anwani ya MAC ya mtumaji: baiti 2 za 0x8100, biti 3 za kipaumbele, biti 1 inayosema fremu hii yaweza kutupwa kwanza msongamano ukizidi, na biti 12 za namba ya VLAN. Basi. Swichi ya upande wa pili ikisoma 20 inaiweka kwenye 20 yake, hata kama 20 yako ni hifadhi na 20 yake ni simu za mapokezi. (Najua, kuna GVRP na MVRP, itifaki za swichi kutangaziana VLAN. Zimewashwa kwenye kituo gani cha data unachokifahamu? Haya.)

Kwa hiyo "tranki iko juu" maana yake ni kwamba mwanga unapita kwenye kebo na poti imewekwa katika hali ya tranki upande *wako*. Ya upande wa pili huyajui mpaka uyasome huko huko. Hata neno lenyewe hamjakubaliana: kwenye swichi za HP ProCurve, `trunk` ni bando la kebo kadhaa zilizounganishwa kuwa moja, na VLAN huandikwa `tagged` au `untagged`. Ukimwambia fundi wa upande huo "weka tranki", ataweka tranki. Yake.

Usanidi wenyewe ni mwepisi. Kwenye Cisco Nexus:

```
vlan 20
  name hifadhi
vlan 30
  name mashine-pepe
vlan 999
  name tupu
interface Ethernet1/49
  description kwenda raki-B Eth1/49
  switchport
  switchport mode trunk
  switchport trunk native vlan 999
  switchport trunk allowed vlan 20,30
```

Orodha ya `allowed` haiumbi VLAN. Kama 30 haipo kwenye hifadhidata ya swichi, kuiruhusu ni kumfungulia mlango mtu asiyekuwapo. Ukipanga namba, kumbuka biti 12 ni namba 4096, ya 0 na ya 4095 haziguswi, zinabaki 4094. Na Nexus kwa kawaida hujiwekea za kuanzia 3968 kwa matumizi yake ya ndani. Wale wanaopenda kuanzia 4000 "ili zisichanganyike", poleni.

Halafu kuna mtego wa `add`. Tranki inabeba 20 na 30, unataka kuongeza 40, unaandika `switchport trunk allowed vlan 40`. Hujaongeza. Umefuta 20 na 30 na kubakiza 40 peke yake, na swichi haikuuliza hata "una hakika?" Kama uliingia kwa kupitia VLAN mojawapo kati ya hizo, dirisha lako limeganda na sasa unatafuta funguo za gari. Amri sahihi ni `switchport trunk allowed vlan add 40`. Kabla ya kugusa tranki yoyote inayobeba kazi, jiwekee njia ya kurudi: kwenye Nexus `checkpoint kabla`, na mambo yakiharibika `rollback running-config checkpoint kabla` kupitia poti ya konsoli au mgmt0 (poti ya pembeni ya usimamizi), kwenye Juniper `commit confirmed 5`, inayojirudisha yenyewe baada ya dakika 5 usipothibitisha, kwenye IOS (mfumo wa swichi nyingine za Cisco) `reload in 5`, ambayo ni ya kikatili lakini inafanya kazi, mradi hujahifadhi usanidi.

Sasa tufike kwenye ile ambayo amri inaiita `native`. Mimi huiita VLAN mzawa, kwa sababu jina hilo ndilo linaloeleza kila kitu. Kwenye tranki, kila fremu hupita na pasi yake, yaani tagi. Mzawa haulizwi pasi. Fremu ya VLAN mzawa hutoka bila tagi, na fremu yoyote inayoingia bila tagi huhesabiwa kuwa ya mzawa. Lakini mzawa wa wapi? Wa swichi *inayopokea*. Hapo ndipo penye kisa chote, na hapo ndipo watu hupapita mbio.

Chukua swichi A yenye mzawa 10 na swichi B yenye mzawa 20. Tranki iko juu, orodha za `allowed` zinafanana herufi kwa herufi. Seva iliyo VLAN 10 upande wa B inatafuta seva ya VLAN 10 upande wa A. Ombi la ARP (swali la "IP hii ina MAC gani?") linatoka B likiwa na tagi ya 10, linafika A salama, seva ya A inamwandika mwenzake kwenye jedwali lake la ARP, inajibu. Jibu linatoka A bila tagi, kwa sababu 10 ni mzawa huko. B inalipokea, haioni tagi, inalitupa kwenye 20. Sasa tazama majedwali: upande wa A anwani ya MAC ipo, upande wa B imeandikwa `incomplete`. Mmoja anasema "mimi namwona", mwingine anasema "mimi simwoni", na wote wawili wanasema kweli. Ukiona ARP ya upande mmoja namna hiyo kwenye tranki, acha kuchezea seva.

Kibaya zaidi ni pale inapofanya kazi. 10 ya A na 20 ya B zote hutoka bila tagi, kwa hiyo zimeshonwa kuwa mtandao mmoja, kwenda na kurudi. Mashine ya VLAN 10 upande wa A itaomba DHCP, yaani igawiwe anwani ya IP, itajibiwa na seva ya DHCP ya VLAN 20 iliyo upande wa B, itapewa anwani ya 20, nayo itaanza kazi kwa furaha. Hakuna taa nyekundu. Miezi sita baadaye mtu atasahihisha mzawa na kulaumiwa kwa kuvunja mtandao.

"Lakini swichi hunipigia kelele mizawa isipofanana." Ndiyo, Cisco kwa Cisco. CDP (itifaki ya Cisco ya kujulisha majirani) itaandika `NATIVE_VLAN_MISMATCH` kwenye kumbukumbu mpaka uchoke, na PVST+ (spanning tree ya Cisco, moja kwa kila VLAN) itaifunga poti hiyo kwa VLAN husika kwa sababu BPDU zake hubeba namba ya VLAN ndani. Hiyo ni hisani ya CDP na PVST+, 802.1Q haina habari. Weka upande wa pili fayawoli, haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) au swichi ya kampuni nyingine, na kelele zote zinanyamaza. Juniper nayo ina tabia yake: usipoandika `native-vlan-id`, poti ya tranki haina mzawa kabisa, na fremu isiyo na tagi inatupwa. Ambayo, tukisema ukweli, ndiyo tabia ya busara zaidi.

Na hapana, mzawa si "VLAN ya menejimenti". Anwani ya IP ya kuisimamia swichi inakaa pale ulipoiweka. Kwenye Nexus aghalabu ni mgmt0, poti ya pembeni yenye VRF (jedwali la njia) yake, isiyojua tranki ni nini. Wala kuondoa VLAN 1 kwenye orodha ya `allowed` hakuiui LACP wala CDP. Hizo ni itifaki za udhibiti na zitaendelea kupita.

Vitabu husema: mzawa awe VLAN isiyotumika na yeyote, kama 999 hapo juu. Sababu ni shambulio la tagi mbili. Mtu aliye kwenye poti ya kawaida, ndani ya VLAN ile ile iliyo mzawa wa tranki, anatuma fremu yenye tagi ya nje ya mzawa na ya ndani ya VLAN anayoilenga. Swichi ya kwanza inavua ya nje, ya pili inasoma ya ndani, fremu imevuka. Majibu hayarudi, ni njia moja tu, lakini njia moja yatosha kuleta madhara. Kwa hiyo kati ya swichi na swichi, 999, na hata 999 yenyewe siiruhusu kwenye orodha.

Kwenye poti za seva, ushauri huo unakwama siku ya kwanza. Seva mpya inayowaka kwa PXE, yaani kupitia mtandao, kwa kawaida hutuma DHCP bila tagi, kwa sababu haina mfumo endeshi wa kuiambia habari za VLAN. Ukiipa mzawa wa 999, itasubiri mpaka uzeeke. Hapo mzawa lazima awe VLAN ya usakinishaji, na lazima awemo kwenye `allowed`. Kama poti mbili za seva ziko kwenye bando la LACP, kuna mtego wa pili: wakati wa PXE seva haisemi LACP, na Nexus kwa kawaida huzisimamisha poti zisizosikia LACP. `no lacp suspend-individual` kwenye port-channel (jina la Cisco la bando) ndiyo dawa. Kuna pia `vlan dot1q tag native`, inayolazimisha hata mzawa abebe pasi. Kwenye karatasi naipenda sana. Lakini ni amri ya swichi nzima, nayo inaiua PXE hiyo hiyo, kwa hiyo kwenye swichi za raki siiwashi, na sijapata jibu linaloniridhisha kuhusu mahali pa kuweka mstari.

Haipavaiza ni ndugu wa tatizo hilo. Kwenye ESXi, haipavaiza ya VMware, kundi la poti lenye VLAN 30 hutuma na kutarajia tagi ya 30. Likiwa na 0 halitumii tagi. 4095 humwachia mgeni tagi zote ajishughulikie. Sasa weka kundi kwenye 30 *na* swichi iwe na mzawa 30 kwenye poti hiyo. Kwenda, swichi inaipokea tagi ya 30 bila neno. Kurudi, inatuma bila tagi, na kundi la 30 haliioni. Chagua mmoja wa kuweka tagi. Usichague wawili nusu nusu.

Je, tuache VLAN zote kwenye kila tranki? Kuelekea seva, hapana, bila mjadala. Kila fremu ya kutangaza kwa wote itafika kwenye kadi isiyoihitaji, na ukitumia PVST+ hesabu inakimbia: VLAN 200 kwenye poti 48 za tranki ni jozi 9,600 za poti na VLAN za kuhudumiwa na swichi moja. Kwenye peer-link ya vPC (kiungo kati ya Nexus mbili zinazojifanya moja), hapo naenda kinyume na vitabu na kuruhusu zote zilizoumbwa, kwa sababu VLAN iliyosahauliwa pale husimamishwa kwenye vPC, na anayesahau ni binadamu. Mzawa usipofanana kati ya Nexus mbili za vPC, adhabu ni kubwa zaidi: poti husimamishwa, na kwa mpangilio wa kawaida ni za swichi ya pili tu. `show vpc consistency-parameters interface port-channel 11` huonyesha safu ya kila upande. Isome kabla ya kuniandikia.

Ushahidi ninaoukubali kwenye tiketi ni huu. `show interface trunk` kutoka pande *zote mbili*, nami sitazami mstari wa hali. Natazama mzawa, kisha sehemu ya VLAN ambazo spanning tree imeziruhusu kupitisha. VLAN iliyoruhusiwa lakini haimo kwenye sehemu hiyo haipiti, hata ukiiombea. Kisha `show mac address-table vlan 30` kila upande: MAC ya seva ionekane nyuma ya tranki, na ionekane kwenye 30, si kwenye 20. Mwisho, `tcpdump -e -nn -i eno1` kwenye Linux, inayonasa fremu zinazopita, maana `-e` ndiyo inayoonyesha tagi. Picha ya Wireshark kutoka Windows isiyo na tagi siihesabu, kwa sababu kiendeshi cha kadi mara nyingi huzivua tagi kabla Wireshark haijaziona.

Vikiwapo hivyo vitatu na bado haifanyi kazi, nitaiangalia seva.