Julai Mosi si siku ya uhuru wa Kanada

Kila ifikapo Julai Mosi, salamu za "heri ya siku ya uhuru" humiminika kwa ndugu walioko Toronto na Ottawa. Kosa hilo linaeleweka: kwetu sikukuu ya taifa ni usiku ule bendera ya mkoloni iliposhushwa na yetu ikapanda. Kanada haikuwa na usiku wa namna hiyo.

Kilichotokea Julai 1, 1867 ni muungano. Makoloni matatu ya Uingereza yaliungana kuwa nchi moja yenye majimbo manne: Ontario, Quebec, Nova Scotia na New Brunswick. Mambo ya nje yalibaki London. Uingereza ilipoingia vitani mwaka 1914, Kanada nayo ikawa vitani papo hapo, bila kuulizwa. Bunge lake lilifunguliwa mikono kujitungia sheria 1931, isipokuwa kubadili katiba, iliyobaki mikononi mwa Uingereza. Hiyo ilisubiri hadi Aprili 17, 1982, Malkia Elizabeth II alipotia saini tangazo la katiba Ottawa, na matone ya mvua yakaacha madoa kwenye karatasi. Mwaka huohuo ndipo sikukuu ikaitwa Siku ya Kanada.

Wala si wote wanaoianza kwa shangwe. Huko Newfoundland, jimbo lililojiunga 1949, asubuhi bendera hupepea nusu mlingoti na watu huvaa vijiua vya buluu. Wanawakumbuka vijana wao walioanguka vitani Beaumont-Hamel, Ufaransa, Julai 1, 1916: kati ya askari 800 hivi, walioitika majina kesho yake ni 68. Fataki husubiri jioni.